Boksi la Nne: Jinsi Senema Ilivyotufikia Huku Kusini

Ndugu wasomaji, wazee wenzangu tuliosoma hapa mlimani, na ninyi vijana mliopo madarasani sasa: Mhariri aliponiomba niandike makala ya historia nadhani alitegemea habari za misheni, au Vita vya Majimaji, au Mpango wa Karanga wa Nachingwea. Hayo yamekwisha andikwa na watu wanaoyajua kunishinda. Mimi nataka kuandika habari za senema. Najua baadhi yenu mtacheka, mtasema mzee ameishiwa. Lakini senema nayo ina historia yake, na sisi watu wa Chiwata, Masasi na Newala tumo ndani yake, ingawa mara nyingi tumo kama watu waliokaa chini gizani wakitazama.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwezi Oktoba mwaka 1973, nikiwa Kidato cha Pili, alipita hapa mfanyabiashara mmoja kutoka pwani. Ulikuwa msimu wa korosho, watu wana fedha kidogo, na mvua zilikuwa bado. Alikuwa na projekta ya milimita 16, jenereta ndogo iliyonguruma kuliko lori, na mabati manne ya duara ambayo yeye mwenyewe aliyaita maboksi. Mashuka mawili yalishonwa pamoja yakatundikwa kati ya miti. Wanafunzi tulilipa senti 50. Wazazi waliopanda kutoka vijiji vya chini walilipa shilingi moja, na akina mama waliokuja na watoto mgongoni hawakuombwa kitu. Picha ilikuwa ya Kihindi, Mother India, iliyotengenezwa Bombay na Mehboob Khan mwaka 1957.

Kwa wasioijua: ni habari ya mama mmoja mkulima aitwaye Radha. Mume wake anakatika mikono kwa jiwe shambani, kisha anaondoka kwa aibu asirudi tena. Mama anabaki na watoto na deni la mkopeshaji wa kijiji. Mafuriko yanaharibu mazao, njaa inaingia, naye anavuta plau kwa mabega yake kama ng'ombe. Sisi tulikuwa watoto wa wakulima. Hakuna aliyehitaji kuelezwa deni ni nini.

Hata hivyo tulielezwa. Mbele, kando ya shuka, alisimama mzee mmoja wa hapa hapa, ambaye zamani alifanya kazi Lindi kwa tajiri wa duka. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Picha inasema Kihindi, yeye anasema Kiswahili, na pale jambo linapokuwa zito anachanganya Kimakua na Kiyao ili na bibi zetu wapate. Sauti yake ilishinda jenereta. Mhindi akisema maneno matatu yeye alisema thelathini. Mkopeshaji alipotokea alimpa jina la mlanguzi mmoja aliyejulikana Masasi nzima, watu wakaanza kumzomea shukani.

Boksi la kwanza likaisha, la pili likaisha, la tatu likaisha. Mtoto mdogo wa yule mama, Birju, amekwisha kuwa jambazi na ana bunduki. Wenye projekta wakafungua boksi la nne, wakatia mkanda, taa ikazimwa. Shukani wakatokea watu weupe wenye kofia pana, juu ya farasi, wakifukuzana jangwani.

Kelele zilizopigwa usiku ule sijapata kuzisikia tena. Mwenye mali alikagua bati, akakuta limeandikwa jina sahihi kwa chokaa, lakini mkanda uliomo ni wa picha nyingine. Watu wakaanza kudai fedha zao. Ndipo yule mzee akaomba jenereta izimwe. Kukawa kimya. Akatumalizia picha kwa mdomo, gizani, kwa muda wa karibu nusu saa, na watu mia kadhaa walikaa wakamsikiliza. Alisema Birju alimteka binti wa mkopeshaji siku ya arusi, mama yake akamtokea njiani, akamwita kwa jina lake la utotoni, na kijana akatupa bunduki chini, akapiga magoti, akarudi nyumbani kulima. Watu wakapiga makofi. Tukaenda kulala tumeridhika kabisa. Stelingi hafi, ndivyo tulivyojua sote.

Nitarudi kwenye boksi hilo. Kwanza nieleze lilikuwa limetoka wapi.

NJIA YA MABATI

Picha ya senema ni mkanda wenye vipicha vingi sana vilivyotulia, na projekta huvipitisha mbele ya taa 24 kila sekunde, jicho likadanganyika kuona mwendo. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 1600 huchukua dakika 44 hivi. Mother India ni picha ya karibu saa tatu, basi ndiyo sababu ya maboksi manne. Katika majumba makubwa ya mijini ulitumika mkanda wa milimita 35, mzito na mpana zaidi. Na ile ya zamani sana ilitengenezwa kwa dawa ya naitreti iliyoweza kuwaka moto kama baruti. Mkanda mwembamba wa milimita 16 haukuwa na hatari hiyo, na ulibebeka. Kwa hiyo watu wa miji walipata senema ya milimita 35 na watu wa mashamba tulipata ya 16. Hata unene wa mkanda ulikuwa na tabaka zake.

Biashara yenyewe katika nchi zetu ilianzia visiwani na pwani. Unguja ilikuwa mbele. Huko Hassanali Jariwalla alifungua Royal Theatre mwaka 1921, jumba la fahari ambalo ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza. Dar es Salaam nayo ikapata Empress, Avalon, Empire, Odeon na mengine, na mwaka 1966 uwanja wa kutazama picha ukiwa ndani ya motokaa, upande wa Msasani, mahali ambapo leo upo ubalozi wa Marekani. Miji ya mikoani, Lindi na Mtwara ikiwemo, ilikuwa na senema zake, na karibu zote zilikuwa mali ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Wao ndio waliojua kuagiza. Picha zilisafiri kwa meli kutoka Bombay pamoja na vitambaa na viungo, zikashushwa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam. Na za Marekani na Uingereza ziligawiwa zaidi kutoka Nairobi.

Mwenye jumba hakununua picha. Aliikodi, ama kwa bei ya siku kadhaa, ama kwa kugawana mapato ya mlangoni na mgawaji. Nakala zilikuwa chache, kwa kuwa kila nakala ni fedha. Unguja na Dar es Salaam ilitokea nakala moja kuonyeshwa katika majumba mawili usiku ule ule: boksi likiisha huku, kijana mwenye baiskeli analikimbiza kule, na akipata pancha watazamaji wa jumba la pili wanakaa wakiimba na kupiga miluzi. Kutangaza nako kulikuwa kazi. Zilibandikwa picha za rangi ukutani, vijana walizungushwa mitaani na mabango, gari la spika lilipita jioni likitaja majina ya wachezaji. Raj Kapoor na Nargis walijulikana Unguja kuliko mawaziri wengi. Picha ya Awaara ya mwaka 1951 watu waliiona mara nyingi hata wakajua nyimbo zake pasipo kujua Kihindi.

Sasa fikirini nakala moja kutoka Bombay. Imeonyeshwa India mpaka imechoka. Imeletwa Afrika ya Mashariki, ikazunguka majumba ya mijini, imekwaruzwa, imekatika na kuungwa kwa gundi. Ndipo ikateremka kusini. Na kusini kulikuwa mbali kweli kweli, vijana. Msione leo mabasi yanatoka Dar es Salaam alfajiri na kufika Masasi siku hiyo hiyo. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla ya hapo kulikuwa na kivuko, na mvua zikikolea barabara ilifungwa. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ilikuwa imekwisha ng'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mabati yaliyotufikia yalikuwa yamepita meli, lori, gati, stoo na mikono mingi. Ajabu si kwamba boksi la nne lilikuwa la picha nyingine. Ajabu ni kwamba matatu ya kwanza yalikuwa sawa.

PICHA ZILIZOTENGENEZWA KWA AJILI YETU

Zilikuwapo pia picha ambazo hatukukodi, bali zilitengenezwa makusudi kwa ajili yetu na watu waliojidai kujua tunachohitaji.

Mzungu kutuonyesha picha gizani ni jambo la zamani. David Livingstone, ambaye mwaka 1866 alishuka Mikindani akapanda kuufuata Ruvuma, alikuwa katika safari zake za awali na taa ya kuonyeshea picha za vioo. Mwaka 1854, kwa Chifu Shinte huko bara, alionyesha Ibrahimu akiinua kisu kumchinja Isaka; kioo kiliposogezwa, wanawake waliona kisu kinawajia wao, wakakimbia wote. Jambo hili ameliandika mwenyewe.

Lakini mpango mkubwa wa kwanza ulikuwa hapa hapa Tanganyika. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kilikaa kikundi kilichoongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani na usimamizi wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Walitengeneza picha fupi zipatazo 35, wachezaji wakiwa Waafrika. Habari zake: kodi, benki ya posta, minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, kuuza mahindi, malaria ya watoto, na mojawapo ni hadithi ya sungura na chui. Maneno hayakuwa ndani ya mkanda. Yalirekodiwa kwenye sahani za gramafoni kwa lugha mbalimbali, Kiswahili, Kisukuma, Kiganda, Kinyanja, Kibemba na nyingine, na ilibidi sahani iendeshwe sambamba na mkanda. Sindano ikiruka kwa sababu ya kutikisika, basi mtu shukani anafungua mdomo kabla ya sauti yake kufika. Kwa lori walizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakaonyesha watu karibu 80,000. Kisha serikali za kikoloni zikakataa kutoa fedha za kuendelea, mambo yakaishia hapo.

Moja ya picha zile iliitwa Gumu. Ni habari ya kijana wa shamba aliyekwenda mjini akaharibikiwa. Tafadhali likumbukeni jina hilo.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Sellers alikuwa na kanuni zake: Mwafrika aonyeshwe picha moja moja, polepole, pasipo kurukaruka, kwa sababu hawezi kufuata mambo ya haraka. Kuna kisa kimoja ambacho wataalamu wa Ulaya wamekirudia mno, kilichosimuliwa na John Wilson. Walionyesha kijijini picha ya kufukia maji yaliyotuama na kuokota makopo ili mbu wasizaliane. Walipouliza watu wameona nini, wakajibiwa: kuku. Watengenezaji walishangaa, maana hawakujua kuwa picha yao ina kuku. Walipoitazama tena wakamwona, amepita pembeni kwa sekunde moja hivi. Kisa hiki kinatumika kuonyesha kuwa sisi hatujui kutazama. Mimi nikikisoma naona kinyume chake. Nani katika habari ile alishindwa kuona kilichomo katika picha? Ni yule aliyeitengeneza.

Picha za kitengo kile nyingi hazikuwa na sauti, kwa hiyo palihitajika mtu wa kusimama na kipaza sauti na kueleza. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya yule mzee wetu wa 1973. Serikali ilimpa mkalimani karatasi yenye maelezo, yeye akayasema kwa lugha ya mahali. Aliyesema nini hasa, ofisa aliyekaa ndani ya gari hakuweza kujua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Tanganyika iliikaribisha kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg itengeneze hadithi ndefu kwa Kiswahili. Zikatoka Muhogo Mchungu mwaka 1952, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na nyinginezo. Wazee wenzangu mnajua stelingi wa Muhogo Mchungu alikuwa nani. Alikuwa kijana wa kusini, aliyezaliwa upande wa Songea mwaka 1926 na kusoma Tabora: Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Katika picha ile alikuwa mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na ulaghai wa mji. Ni Gumu yule yule, amevaa nguo nyingine.

Na baada ya Uhuru? Serikali yetu iliunda Kitengo cha Filamu mwaka 1963. Mwaka 1968 likaanzishwa Shirika la Filamu Tanzania, TFC, lililopewa pia kazi ya kuagiza na kugawa picha nchini. Na mwaka 1974 ikaja Taasisi ya Vyombo vya Kuona na Kusikia, kwa msaada wa Denmark. Mwaka 1976 Bunge lilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na picha zikawa zinakaguliwa kwa sheria hiyo. Magari ya senema ya Serikali yalifika vijijini yakiwa na picha za Mwenge, sherehe za Uhuru, kampeni za afya na kilimo. Picha ndefu iliyojulikana zaidi ya TFC katika miaka ile ya 1970 ni Fimbo ya Mnyonge. Habari yake: mkulima maskini anadhulumiwa kwao, anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, anakosa, anasikia mafunzo ya Ujamaa, anatembelea vijiji, kisha anarudi kwao kuanzisha kijiji.

Sisemi kwamba wakoloni na viongozi wetu ni sawa. Yule wa kwanza alitaka tubaki shamba tumlimie yeye. Hawa walitaka tubaki shamba tujilimie wenyewe, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini mtu aliyekaa chini mbele ya shuka, mwaka 1936, au 1952, au 1976, aliambiwa jambo moja: mji ni mbaya, rudi nyumbani. Na waliosema hivyo wote waliishi mjini. Sisi wanafunzi tulilisikia, tukapiga makofi, na tulipomaliza Kidato cha Nne tukapanda lori kwenda Dar es Salaam. Hesabuni wenyewe katika mkutano huu ni wangapi kati yetu wamekuja kutoka Kariakoo na Temeke, na wangapi wametoka Chiwata kwa miguu.

UPANDE WA PILI WA RUVUMA

Ipo sehemu moja ambayo watu wa nyanda hizi hawakuwa watazamaji peke yao. Wakati sisi tukisoma, vita ya ukombozi ya Msumbiji ilikuwa jirani. FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa Nachingwea. Watengenezaji wa filamu kutoka nchi za mbali walipita Tanzania, wakavuka Ruvuma pamoja na wapiganaji, kwa miguu, kamera mgongoni. Mwingereza Margaret Dickinson alitoa Behind the Lines mwaka 1971. Robert Van Lierop, Mmarekani Mweusi, alitoa A Luta Continua mwaka 1972. Picha hizi ziliwekwa katika mabati na kupelekwa Ulaya na Marekani, zikaonyeshwa katika vyuo, makanisa na kumbi za vyama vya wafanyakazi, fedha zikachangwa. Hapa njia ya mabati iligeuka: safari hii yalitoka kwetu kwenda kwao.

Mei 1975 Samora Machel alianza safari yake kutoka Ruvuma hadi Maputo, na Myugoslavia Dragutin Popović akaifanyia filamu. Baada ya uhuru wao, Msumbiji walianzisha Taasisi ya Taifa ya Senema mwaka 1976, wakawa na magari ya kuonyesha picha vijijini na habari fupi za Kuxa Kanema. Kisha Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji aliyekuwa na jina kubwa Brazil, alikwenda Mueda, kwa Wamakonde wa ng'ambo, ndugu zetu wa ukoo na lugha. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika pale kudai haki, na miongoni mwa viongozi waliosema siku ile walikuwamo waliotoka Tanganyika. Watu wa Mueda walikuwa wakiigiza mkasa huo wenyewe, uwanjani, mahali pale pale ulipotokea. Guerra aliwapiga picha wakiigiza na wakisimulia. Mueda, Memória e Massacre, ya mwaka 1979, huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Msumbiji. Hawakuletewa hadithi ya mtu anayeitwa Gumu. Walisema ya kwao, na kamera ikangoja.

Yaliyofuata kwetu nitayapitia haraka, maana vijana mnayajua. Miaka ya 1980 iliingia mikanda ya video, fedha za kigeni zikawa adimu, majumba yakakosa picha mpya na vipuri. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill walitoa Arusi ya Mariamu, picha nzuri, lakini wananchi wengi wa mikoani hawakupata kuiona. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Senema za mijini zikageuzwa maghala na makanisa. Mabanda ya video yakaenea mpaka vijijini: televisheni moja, jenereta, mabenchi, turubai jeusi. Na humo ndani yule mkalimani akafufuka, sasa akiwa amerekodiwa juu ya mkanda wenyewe. Aliyejulikana kuliko wote ni Lufufu, aliyetafsiri picha za Kichina, Kihindi na Kimarekani kwa Kiswahili cha mitaani, na watu walikodi mkanda kwa ajili ya sauti yake kuliko kwa ajili ya Wachina.

Kisha zikaja filamu zetu za Bongo. Girlfriend ilitoka mwaka 2003, na tangu hapo zilitengenezwa kwa mamia, kwa kamera ndogo, kwa siku chache, zikauzwa moja kwa moja katika diski pasipo kupita jumba la senema. Wasambazaji wachache wa Kariakoo, Steps wakiwa wakubwa wao, walishika soko, na mtengenezaji mara nyingi aliuza haki zake zote kwa malipo ya mara moja. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 maelfu walimsindikiza, na nchi nzima ilizungumza juu ya fedha ambazo wasanii hawakuzipata. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Leo kijana wa Chiwata anatazama filamu kwenye simu, peke yake, chini ya mkorosho. Hakuna wa kumkatia boksi la nne, isipokuwa bando likiisha.

Picha zile 35 za Vugiri zilizotengenezwa na watu wetu wakicheza, zinazojulikana kubaki ni tatu tu, nazo zipo London. Gumu haimo. Sahani za Kiswahili, sauti za wale waliosema, hazimo. Na picha za miaka yetu wenyewe, za Mwenge na za vijiji, nazo zilikuwa katika mikanda ambayo joto na unyevunyevu huila polepole mpaka inanuka siki. Ninawaambia wale kati yenu mliofanya kazi katika idara za Serikali: kama mna bati lolote nyumbani, msiliweke juu ya dari.

Sasa boksi la nne. Mwaka 1981, nikiwa mfanyakazi Dar es Salaam, niliona bango la Mother India, nikaingia. Nilikaa nikingoja mwisho wangu ule. Birju anamteka binti wa mkopeshaji, sawa. Mama anamtokea njiani, sawa. Ana bunduki mkononi, anamwonya, na kijana hasimami. Mama anampiga risasi mwanawe, halafu anamkumbatia akifa. Mwishoni maji ya mfereji yanaonekana mekundu kama damu, kisha yanakuwa safi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kwa miaka minane nilikuwa nimesimulia watu mwisho ambao haukuwapo.

Nilipopata likizo nilimtafuta yule mzee. Alikuwa amekonga lakini akili timamu. Nikamwuliza kama aliwahi kuona mwisho wa picha ile. Akasema aliiona mara nne kule Lindi. Nikamwuliza kwa nini basi alitudanganya. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, mama zenu walikuwa wamekaa pale mbele, na njia ya kushuka ni ya giza. Ningewaambia mama ameua mtoto, halafu waende nyumbani na neno hilo?" Kisha akaongeza kwamba kama boksi lingekuwa sahihi angeusema mwisho wenyewe, kwa sababu mbele ya picha mtu huwezi kusema uongo. Sina hakika na hilo la mwisho. Nimekwisha eleza alivyomgeuza mkopeshaji kuwa mtu wa Masasi.

Alifariki miaka michache baadaye, na nilikuja kumzika. Bati la wapanda farasi mwenye projekta aliliacha hapa shuleni usiku ule kwa hasira. Kwa miaka mingi lilikuwa karakana ya useremala, likitiwa misumari. Lakini ninachojiuliza mpaka leo ni jambo jingine. Mkanda wetu wa nne ulikuwa mahali fulani, ndani ya bati la wapanda farasi, katika kijiji kingine, Nanyumbu huko au Tandahimba. Wale nao walifungua boksi la mwisho wakingoja farasi, akatokea mama wa Kihindi amemwelekezea mwanawe bunduki. Sijui mkalimani wao aliwaambia nini.